Ukishindwa kujiamulia, nani atasema kwa niaba yako?

Wanandoa wengi wanaamini kwamba siku mmoja wao akilazwa bila fahamu, mwenzake ndiye atakayeamua kila kitu. Wazazi nao wanaamini hivyohivyo kuhusu mtoto wao ambaye tayari ni mtu mzima. Imani hiyo ina chembe ya ukweli na mazoea mengi. Ni kweli daktari atamtafuta ndugu wa karibu, atamweleza hali ilivyo na kumuuliza mgonjwa alikuwa mtu wa namna gani. Ila kuulizwa ni jambo moja, kuwa na kauli ya mwisho ni jingine.

Huko Uingereza na Wales, mke hawezi kukubali wala kukataa matibabu ya mumewe kwa sababu tu ni mkewe. Atashauriwa na maoni yake yatapewa uzito, lakini pasipo hati yenye jina lake uamuzi unabaki kwa madaktari, nao wanatakiwa kufuata lililo bora kwa mgonjwa. Ujerumani, nchi isiyojulikana kwa uvivu wa kutunga sheria, iliwapa wanandoa haki ya kuwakilishana katika mambo ya afya kuanzia tarehe 1 Januari 2023 tu, nayo ni haki ya dharura isiyozidi miezi sita. Afrika Kusini, katika Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003, imepanga foleni. Anatangulia mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimwidhinisha kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka na sheria au na mahakama. Asipokuwepo, ndipo zamu inawafikia mwenzi, mzazi, babu au bibi, mtoto mtu mzima, kaka au dada, kwa utaratibu huo. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo inamweka aliyeidhinishwa kwa maandishi mbele ya ndugu wa karibu.

Tazama nani yuko mbele kwenye foleni hizo. Ni mtu aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe alipokuwa na akili zake timamu, na wala si lazima awe ndugu. Makala haya yanamhusu mtu huyo: anateuliwaje, anaruhusiwa nini, na kwa nini hati yenye muhuri peke yake haimtoshi.

Wengi huahirisha jambo hili wakidhani ni la uzeeni. Kesi zilizotikisa sheria za Marekani katika eneo hili hazikuwa za vikongwe. Karen Ann Quinlan alikuwa na miaka 21 alipopoteza fahamu mwaka 1975. Nancy Cruzan alikuwa na miaka 25 alipopata ajali ya gari mwaka 1983. Terri Schiavo alikuwa na miaka 26 moyo wake uliposimama mwaka 1990. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika lolote, na ni nani anayeandika hati za namna hiyo akiwa na miaka 26?

Kupoteza uwezo maana yake nini

Watu huzungumza kana kwamba akili ya mtu ama ipo yote ama haipo kabisa. Sheria nyingi za siku hizi hazioni hivyo. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya Uingereza na Wales, ya mwaka 2005, inauliza mambo manne. Je, mtu anaelewa taarifa zinazohusu uamuzi unaotakiwa? Anaweza kuzishika kichwani kwa muda unaotosha kuamua? Anaweza kuzipima, akaona faida na hasara? Na anaweza kuufikisha uamuzi wake kwa njia yoyote ile, hata kwa kupepesa macho au kubana mkono wa muuguzi? Akishindwa hata moja kati ya hayo kwa sababu ya hitilafu ya akili au ya ubongo, basi kwa uamuzi huo, wakati huo, hana uwezo.

Maneno "kwa uamuzi huo, wakati huo" ndiyo yenye uzito. Mama mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu anaweza kushindwa kupima hatari za upasuaji wa moyo, huku akijua kabisa ni binti yupi anataka kuishi naye. Mgonjwa aliyeweweseka usiku kwa homa kali anaweza kuamka asubuhi akiwa timamu, na swali likarudi kwake. Kwa hiyo mwakilishi hapokei maisha yako yote kwa mkupuo. Anaingia pale unaposhindwa, na anapaswa kukaa pembeni pale unapoweza.

Sheria hiyohiyo inaanza na dhana kwamba kila mtu mzima ana uwezo hadi ithibitike kwamba hana, na inakataza kumhesabu mtu kuwa hana uwezo eti kwa sababu ameamua jambo ambalo wengine wanaliona la kipumbavu. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Mapema katika miaka ya 1990, mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mgonjwa wa skizofrenia aliyeamini kwamba yeye mwenyewe ni daktari bingwa, na aliyekataa kukatwa mguu wenye donda lililooza. Mahakama ilichunguza kama anaelewa kwamba anaweza kufa. Ikaona anaelewa, na ikazuia mguu huo usikatwe bila ridhaa yake ya maandishi. Ugonjwa wa akili na kukosa uwezo wa kuamua ni vitu viwili.

Mkondo wa dunia unazidi kuelekea huko. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine wote. Mwaka 2014, kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua kwamba nchi ziache kumwamulia mtu na badala yake zimsaidie aamue mwenyewe. Ikishindikana kabisa kujua anachotaka, ifuatwe tafsiri bora ya utashi na mapendeleo yake. Ireland ilitunga sheria ya mwelekeo huo mwaka 2015, ingawa ilianza kutumika tarehe 26 Aprili 2023. Mtu akiuliza mwakilishi mzuri hufanya nini kwanza, jibu langu ni kwamba anajaribu mara nyingine kukuuliza wewe.

Hati zinazochanganywa

Wosia wa mali hausaidii hapa hata kidogo, maana unaanza kufanya kazi ukishakufa. Hata hivyo bado kuna watu wanaoandika humo kwamba hawataki mashine ya kupumulia, na wosia unafunguliwa baada ya maziko.

Mtego mkubwa zaidi ni hati ya kawaida ya uwakilishi, ile ambayo mtu humpa mwingine amuuzie kiwanja au amsimamie akaunti. Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kanuni ya zamani ni kwamba mwakilishi anatenda kwa niaba ya mtu ambaye angeweza kutenda mwenyewe. Mwenye mali akipoteza akili, mamlaka ya mwakilishi wake nayo hukatika. Yaani hati inakufa siku ileile uliyoihitaji. Ndiyo maana nchi nyingi zilibuni hati ya kudumu, inayosema wazi kwamba itaendelea kuwa na nguvu, au itaanza kuwa na nguvu, mwenyewe atakapopoteza uwezo. Afrika Kusini hadi leo haijaikubali hati ya kudumu kwa mambo ya mali. Ridhaa ya matibabu ina njia yake katika sheria ya afya niliyoitaja.

Tena fedha na mwili mara nyingi hutenganishwa. Uingereza na Wales zina hati mbili, moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na ustawi. Mwenye ile ya kwanza anaweza kulipa bili zako zote za hospitali na bado asiwe na kauli yoyote juu ya upasuaji unaolipiwa. Tofauti nyingine haijulikani sana: hati ya mali inaweza kutumika ukiwa bado na akili zako, kwa ruhusa yako, lakini ya afya haifanyi kazi hadi utakapopoteza uwezo kwa uamuzi unaohusika.

Halafu kuna maelekezo ya mapema ya matibabu, ambayo hayamtaji mtu bali yanasema unataka au unakataa nini: msinifufue moyo ukisimama, msinilishe kwa mpira. Uzuri wake ni kwamba yanabeba maneno yako mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba karatasi haiulizwi swali. Umeandika kwamba hutaki mashine ya kupumulia, ukiwaza miezi na miezi ya kulala bila matumaini. Sasa umepata nimonia, na daktari anasema siku tano za mashine zinaweza kukurudisha nyumbani. Karatasi itasema hapana. Mtu anayekufahamu angeuliza maswali mawili zaidi. Nikilazimishwa kuchagua kimoja ningechagua mtu, ila katika nchi nyingi hakuna anayekulazimisha: unaweza kumteua mtu na kumwachia maandishi ya kumwongoza.

Ikikosekana hati yoyote na mambo yakawa magumu, kinachobaki ni mahakama au baraza kukuteulia msimamizi. Hilo huchukua muda na gharama, na anayeteuliwa anaweza kuwa mtu ambaye hukuwahi kumwona maishani.

Anaamua nini, na wapi anakomea

Upande wa afya unaeleweka kirahisi. Mwakilishi hupokea maelezo ya daktari kama ambavyo ungeyapokea wewe, anasoma rekodi zako, anakubali au kukataa vipimo, dawa na upasuaji, na anaweza kuomba maoni ya daktari mwingine. Matibabu yanayoshikilia uhai ndiyo yenye masharti. Katika hati ya Uingereza na Wales lazima useme waziwazi kama unampa mamlaka hayo; usipompa, hana. Katika jimbo la New York, mwakilishi haruhusiwi kuamua juu ya kulishwa na kunyweshwa kwa mirija kama hajui, na hawezi kujua kwa njia ya kuridhisha, wewe mwenyewe ulitaka nini. Neno moja ulilolisahau kwenye fomu linaweza kumfunga mikono.

Sehemu inayosahaulika ni ile ya mambo binafsi, na kwa maoni yangu ndiyo inayogusa siku nyingi zaidi za maisha. Uamuzi wa kuzima mashine huja mara moja, kama utakuja. Uamuzi wa mtu aishi wapi, aoshwe na nani, avae nini, ale nini, aende ibadani au la, ashike simu yake au anyang'anywe, nani aruhusiwe kumtembelea, huja kila wiki, na unaweza kudumu miaka kumi. Mtu ambaye hajawahi kula nyama anaishia kulishwa mchuzi wa nyama kwa sababu hakuna aliyeandika. Rafiki wa miaka arobaini anazuiwa mlangoni kwa sababu kaka mtu hampendi. Ukikaa kuandika hati yako, yape mambo haya nusu ya muda wako. Andika unaamka saa ngapi, unaogopa nini, ni nani usiyetaka akuone ukiwa umelala kitandani.

Kuna milango isiyofunguka hata kwa hati. Katika sheria ya Uingereza na Wales, hakuna mtu anayeweza kukubali ndoa kwa niaba yako, wala tendo la ndoa, wala kumtoa mtoto wako aasiliwe, wala kukupigia kura. Matibabu ya lazima chini ya sheria ya afya ya akili nayo kwa sehemu kubwa yanampita mwakilishi. Na hakuna mwakilishi anayeweza kumlazimisha daktari atoe tiba ambayo daktari anaona haina faida. Wewe mwenyewe usingeweza, na yeye hawezi kuwa na zaidi ya ulichokuwa nacho. Hili huwashangaza ndugu waliokuja hospitalini wakiwa wameshika karatasi na kudai "kila kinachowezekana".

Pia mwakilishi wa afya hana mkono kwenye pochi. Anaweza kuamua uhudumiwe nyumbani na mlezi wa kulala, lakini anayeshika fedha ndiye atakayemlipa mlezi huyo. Kama umewapa kazi hizo watu wawili, hakikisha ni watu wanaosalimiana.

Tatizo ambalo hati haitatui

Uhitaji wenyewe ni mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la New England Journal of Medicine ulichunguza taarifa za Wamarekani 3,746 wenye umri wa miaka 60 na zaidi waliofariki kati ya mwaka 2000 na 2006. Asilimia 42.5 walifikia hatua ya kuhitaji uamuzi kuhusu matibabu kabla ya kufa, na kati ya hao asilimia 70.3 hawakuwa na uwezo wa kuamua wenyewe. Hiyo ni kama watu watatu katika kila kumi wa kundi zima.

Sasa habari isiyopendeza. Mwaka 2006, watafiti walikusanya tafiti 16 zilizowauliza wagonjwa wangetaka nini katika hali mbalimbali za kufikirika, kisha zikawauliza wawakilishi wao wabashiri majibu. Wawakilishi walipatia asilimia 68. Karibu mara moja katika kila tatu, mtu wa karibu kabisa alisema jambo ambalo mgonjwa asingelisema. Mbaya zaidi, mwakilishi aliyeteuliwa na mgonjwa hakupatia kuliko yule aliyepangwa tu na sheria, na wale waliokuwa wamezungumza mapema na mgonjwa hawakupatia zaidi.

Wengine huishia hapo na kusema kwamba kuteua hakuna maana. Mimi nadhani kinachoonekana hapo ni aina ya mazungumzo tuliyozoea. "Sitaki kuteseka." "Msiniweke kwenye mashine." "Mungu ndiye anayejua." Kauli kama hizo humwacha mwakilishi palepale alipokuwa. Mashine ipi, kwa siku ngapi, kwa matumaini gani? Mazungumzo yenye faida huanzia kwenye maisha, tiba hufuata baadaye. Muulize mtu ni jambo gani akishindwa kulifanya ataona hakuna haja ya kuendelea: kuwatambua watoto wake? kula mwenyewe? kuzungumza? Wapo wanaojibu kwamba mradi wanaweza kukaa barazani na kusikiliza redio, wanataka kuishi. Wapo ambao kutegemea mtu wa kuwapeleka msalani kwao ni mwisho. Ukishajua hilo, maswali ya mashine na mirija yanapata mahali pa kuegemea. Uliza pia angevumilia taabu kiasi gani, na kwa nafasi gani ya kupona. Na urudie swali baada ya kila ugonjwa mkubwa, kwa sababu watu hubadilika: aliyeapa kwamba hatakubali kamwe kusafishwa figo anaweza kufika hapo na akaona anaweza kuishi nako.

Swali moja karibu hakuna anayeliuliza: "Nifuate neno lako kama lilivyo, au nitumie busara yangu?" Mwaka 1992 watafiti waliwauliza wagonjwa 150 wa kusafishwa figo wangetaka maelekezo yao yafuatwe kwa ukali kiasi gani. Asilimia 39 walisema yasiguswe kabisa. Asilimia 31 walisema daktari na mwakilishi wawe na uhuru wote wa kuyapindua kama wataona inafaa. Waliobaki walikuwa katikati. Ukiwa mwakilishi wa mtu wa kundi la pili na ukamfanya kama wa kundi la kwanza, unaweza kuyafuata maneno yake na bado ukamkosea. Asilimia 68 haionekani kuwa ya aibu sana kama mhusika alisema mwenyewe: nakuamini, amua.

Na mazungumzo yana faida nyingine ambayo haipimwi kwa kubashiri majibu. Uchambuzi wa mwaka 2011 wa tafiti kuhusu watu waliowaamulia wengine uliona kwamba angalau theluthi moja yao walibaki na mzigo wa moyoni, wa hatia, wasiwasi au mashaka, kwa miezi na wakati mwingine kwa miaka. Waliojua mgonjwa angetaka nini mara nyingi waliubeba kwa unafuu zaidi. Kusema mapema ni hisani unayomfanyia yule utakayemwacha kwenye korido ya hospitali.

Umchague nani

Kanuni ya kimyakimya ni kwamba achaguliwe mtoto mkubwa, au yule anayekupenda kuliko wote. Sina ugomvi na upendo, lakini anayekupenda kuliko wote anaweza kuwa ndiye asiyeweza kukuachia. Kazi yenyewe inataka mtu wa aina nyingine kidogo: anayepatikana kwa simu usiku wa manane, asiyeona haya kumwambia daktari "sijaelewa, rudia", anayeweza kukasirikiwa na ukoo mzima kwa wiki mbili bila kuyumba, na ambaye imani na hofu zake mwenyewe hatazipachika kinywani mwako. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mpwa, jirani, au shemeji msiyezoeana sana kwa utani.

Sheria nyingi zinakataza kumteua daktari anayekutibu au mfanyakazi wa nyumba ya matunzo unakoishi, isipokuwa awe ndugu yako. Sababu iko wazi: anayelipwa kwa kukuhudumia asiwe ndiye anayeamua uhudumiwe wapi.

Kama unataka wawili, angalia neno moja kwenye fomu. Kuna uteuzi wa kutenda kwa pamoja tu, na uteuzi wa kutenda kwa pamoja au kila mmoja peke yake. Wazazi hupenda ule wa kwanza wakidhani unawapatanisha watoto. Kinachotokea ni kwamba mmoja akiwa safarini, au amegoma, au amekufa, hati nzima inaweza kukwama. Mara nyingi ni afadhali mmoja mwenye mamlaka na mwingine wa akiba. Na muulize kabla hujaandika jina lake. Kugundua kwamba wewe ni mwakilishi wa mtu ukiwa tayari umesimama kando ya kitanda chake si haki.

Wale ambao hukuwachagua waambie mapema, wakusikie wewe mwenyewe. Terri Schiavo alilishwa kwa mpira kwa miaka 15, huku mumewe akisema mkewe asingetaka kuishi hivyo na wazazi wake wakisema angetaka. Kesi ilipita mahakama za Florida na za shirikisho, bunge la jimbo na Bunge la Marekani vikaingilia, hadi alipofariki tarehe 31 Machi 2005. Ufaransa ilipitia njia hiyohiyo kwa Vincent Lambert, muuguzi aliyeumia kichwa katika ajali mwaka 2008. Mkewe alikuwa upande mmoja, wazazi wake upande mwingine, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikatoa hukumu mwaka 2015, na Lambert akafariki Julai 2019. Tangu mwaka 2002 sheria ya Ufaransa ilikuwa imeruhusu kila mtu kumtaja mtu anayemwamini. Lambert hakuwa amemtaja yeyote. Hata angemtaja, ni vizuri kujua kwamba kule mtu huyo ni shahidi wa kile ulichotaka: kauli yake inazishinda za ndugu wengine, lakini uamuzi unabaki kwa daktari. Kwa hiyo usidhani hati ya nchi moja ina nguvu ileile ya nchi nyingine.

Kesi ya Cruzan inaonyesha maneno ya mdomo yana thamani gani pasipo hati. Aliwahi kumwambia mwenzake wa nyumba kwamba asingependa kuishi bila kujitambua. Jimbo la Missouri likataka ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha, na Juni 1990 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba jimbo lina haki ya kudai hivyo. Walipojitokeza marafiki wengine wenye ushahidi ndipo jaji alipokubali mpira wa kumlishia uondolewe, na Cruzan akafariki Desemba mwaka huohuo. Miezi hiyohiyo Bunge la Marekani lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Desemba 1991, inayozitaka hospitali kuwaeleza wagonjwa wanaolazwa haki yao ya kuandika maelekezo na kuteua mtu.

Kuandika na kuitunza

Masharti ya kuandika hutofautiana, ila shabaha yake ni moja: ithibitike kwamba ulielewa na hukushurutishwa. Pengine wanatakiwa mashahidi wawili, wasiwe mwakilishi mwenyewe wala mrithi. Pengine mthibitishaji wa hati. Uingereza na Wales zinataka mtu huru athibitishe kwamba unaelewa unachosaini, kisha hati isajiliwe na Ofisi ya Mlinzi wa Umma kabla ya kutumika. Usajili huo una subira yake, hivyo hati iliyosainiwa jana haisaidii leo.

Kuambiwa na daktari kwamba una ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hakukufungii mlango. Kinachotazamwa ni kama siku ya kusaini unaelewa hati ni ya nini na unampa nani mamlaka gani. Kwa wenye ugonjwa huo ulio mwanzoni, jambo la busara ni kusaini mapema, katika saa za siku ambazo akili imetulia, na kupata barua ya daktari ya tarehe hiyohiyo. Akitokea ndugu wa kupinga baadaye, barua hiyo ndiyo atakayokutana nayo kwanza.

Ukiwa na uwezo unaweza kuifuta hati wakati wowote. Ukiifuta, waambie wote wenye nakala, la sivyo ya zamani itaendelea kuzunguka. Katika nchi nyingi talaka humwondoa mwenzi aliyeteuliwa, isipokuwa kama uliandika vinginevyo. Kutengana bila talaka kwa kawaida hakumwondoi, na mtu anaweza kujikuta mikononi mwa yule aliyemkimbia.

Nakala apewe mwakilishi, wa akiba wake, na daktari wako, na picha yake iwe kwenye simu zao. Hati iliyofungiwa sandukuni ambalo funguo zake unazo wewe peke yako ni sawa na haipo. Ukihamia nchi nyingine, usiichukulie kuwa inakufuata. Upo Mkataba wa The Hague wa tarehe 13 Januari 2000 kuhusu ulinzi wa watu wazima, ulioanza kutumika mwaka 2009, unaosema kwamba nguvu ya hati kama hii hupimwa kwa sheria ya nchi uliyokuwa ukiishi ulipoiandika, isipokuwa kama ulichagua nyingine kwa maandishi. Lakini ni nchi chache zilizojiunga nao. Njia salama ni kuandika upya kwa fomu ya huko ulikohamia.

Mwakilishi naye ajue kazi inakoma lini. Ukirudiwa na uwezo wako, uamuzi unarudi kwako. Ukifariki, mamlaka yake juu ya matibabu yanaisha saa hiyohiyo. Maziko, viungo vya kuchangia na uchunguzi wa mwili hufuata sheria nyingine, ambazo mahali pengine zinakuruhusu kumtaja mtu huyohuyo, mradi umeandika hivyo.